Jinsi ya kusoma The Outsiders mpaka ikuingie: mwongozo kamili, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi insha

Watu wengi wanakimaliza hiki kitabu kwa siku mbili alafu wanabaki na kitu kimoja tu kichwani, kwamba kulikuwa na masela maskini na watoto wa kishua, wakapigana, watu wakafa, inauma. Sio uongo. Ila ukiulizwa swali la pili tu, kwamba sasa huo umaskini umefanya nini hasa ndani ya hadithi, unaanza kuzunguka zunguka. Huu mwongozo ni wa mtu anayetaka kukisoma vizuri, iwe ni kwa ajili ya mtihani, kikundi cha kusoma, mwalimu anayejiandaa kufundisha, au we mwenyewe tu umeamua. Nitataja nani anakufa na anakufaje, kwa hiyo kama hujakisoma kabisa na hutaki kuharibiwa utamu ishia hatua ya tatu, kabla ya mfano wa kujaza daftari, kasome, alafu urudi.

Kitu kimoja cha kubeba toka mwanzo. Usisome ukitafuta nani mzuri nani mbaya. Kila tukio likitokea jiulize, hii bili kalipa nani? Yaani nani kaumia, nani kaitwa polisi, nani kapoteza shule, nani kaendelea na maisha yake kama kawaida. Hilo swali ndo litakusaidia mpaka kwenye insha.

Hatua ya 1: jua kimeandikwa lini na nani

Hapa usitumie zaidi ya nusu saa, mambo ni machache. S. E. Hinton ni mwanamke (wengi wanadhani ni mwanaume na hilo lilikuwa la makusudi, herufi za mwanzo ziliwekwa ili wahakiki wasimdharau kabla hawajasoma), jina kamili Susan Eloise Hinton, mzaliwa wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, Marekani, mwaka 1948. Alianza kuiandika akiwa na miaka 15, bado mwanafunzi wa sekondari, na kitabu kikatoka 1967 akiwa na miaka 18. Kilichomwasha ni rafiki yake kupigwa na vijana wa upande wa pili wakati anarudi nyumbani kutoka shule. Ukifungua sura ya kwanza utakutana na kijana anatoka sinema peke yake, anapigwa njiani. Kwa hiyo hakutunga kutoka hewani.

Enzi zenyewe ni katikati ya miaka ya 1960. Kuna vitu vidogo vya wakati ule ukivijua hadithi inakaa vizuri zaidi. Mfano magari. Watoto wa kishua wanatembelea Mustang na Corvair. Mustang ya Ford iliingia sokoni mwaka 1964, yaani kwa wakati ule ni gari jipya kabisa, ndo kwanza watu wanaligeukia barabarani, na hapa anaendesha kijana wa sekondari. Mashati ya madras, yale ya pamba yenye miraba miraba, nayo ni alama yao. Upande wa pili ni jinsi, fulana, makoti ya ngozi, na nywele ndefu zilizopakwa mafuta hadi zinang'aa, ndo maana wakaitwa Greasers. Wale wenye hela ni Socs, linatamkwa "soshes", kifupi cha Socials. Usihangaike kutafuta tafsiri, yaache hivyo hivyo hata kwenye insha yako.

Hatua ya 2: wapange wahusika kwenye karatasi moja

Majina yanachanganya kweli. Kuna mtu anaitwa Ponyboy na kuna mtu anaitwa Sodapop na hayo sio majina ya utani, ndo baba yao aliwapa. Chukua karatasi, chora mstari katikati, na chini ya kila jina acha nafasi ya sentensi mbili tatu.

Upande wa Greasers anza na ndugu watatu wa familia ya Curtis. Ponyboy ana miaka 14, ndo anayesimulia. Sodapop anakaribia 17, kaacha shule anafanya kazi kituo cha mafuta. Darry ana 20, anaezeka mapaa, na ndo kageuka mzazi kwa sababu baba na mama yao walikufa kwenye ajali ya gari. Alafu Johnny, miaka 16, mdogo wa umbo, kwao anapigwa na baba na mama hana habari naye. Dally, 17, kakulia mitaa ya New York na alishakamatwa akiwa na miaka 10. Two-Bit mchekeshaji wa kundi, mkono mwepesi madukani. Steve rafiki wa damu wa Soda, mtaalam wa magari.

Upande wa Socs ni wachache tu wanaopewa uso: Cherry, msichana mwenye nywele nyekundu, Bob mpenzi wake, anayevaa mapete mengi, Randy rafiki wa Bob, na Marcia mpenzi wa Randy. Angalia hilo lenyewe, upande mmoja una watu saba unaowajua mpaka vyakula wanavyopenda, upande wa pili una watu wanne na gari. Hiyo sio bahati mbaya, anayesimulia ni Ponyboy na yeye ndo anaowajua. Iandike pembeni, tutairudia.

Hatua ya 3: gawa kitabu vipande vinne na ufungue daftari la bili

Kina sura 12 na matoleo mengi hayafiki kurasa 200. Soma sura ya 1 hadi 3 kwa mkao mmoja, alafu 4 hadi 6, alafu 7 hadi 9, alafu 10 hadi 12. Huu mgawanyo una maana: kipande cha kwanza ni kuonesha mpaka kati ya makundi, cha pili ni kosa na kukimbia, cha tatu ni kuelekea pambano kubwa, cha nne ni mabaki. Ukikata katikati ya kipande unapoteza kasi, hasa sura ya 4 ambayo ukiianza usiiache.

Kwenye daftari chora safu nne: tukio, nani kaumia, nani kawajibishwa, sura ya ngapi. Hiyo ya mwisho watu wanaidharau alafu siku ya kuandika wanapekua kitabu kizima kutafuta mstari mmoja. Usiandike kila kitu. Matukio kama kumi na mbili yanatosha.

Nikupe mfano wa jinsi ya kujaza. Sura ya 1, Ponyboy anavamiwa na Socs waliokuwa kwenye Corvair nyekundu, anawekewa kisu shingoni. Kaumia Ponyboy. Kawajibishwa nani? Hamna, kaka zake na kundi wanawafukuza basi imeisha. Sura ya 2 tunasimuliwa kwamba miezi kama minne nyuma Johnny alipigwa na Socs wa Mustang ya buluu karibu kufa, mmoja wao alikuwa na mapete mkononi yakamchana uso. Kawajibishwa? Hamna tena. Hakuna polisi, hakuna kesi, hakuna hata mzazi aliyekuja kuuliza. Matokeo pekee ni kwamba Johnny akaanza kutembea na kisu cha kukunja mfukoni. Sasa ukifika sura ya 4 Bob anakufa kwa kisu hicho hicho, polisi wanaanza kuwazoa Greasers mtaani. Safu ya tatu ambayo ilikuwa tupu ghafla imejaa. Ukiiona hiyo kwenye karatasi yako mwenyewe, umeshaelewa tabaka linafanyaje kazi kwenye hiki kitabu kuliko mtu aliyekariri muhtasari.

Hatua ya 4: fuata kitu kimoja kidogo toka mwanzo mpaka mwisho, mimi nashauri nywele

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Vitabu vizuri vina kitu kimoja kidogo kinachopita kimya kimya, na kwenye hiki ni nywele. Ponyboy anakuambia mapema kabisa kwamba nywele zake anazipenda, ndefu, za mafuta. Wale Socs wa sura ya 1 wakimshika wanamuuliza kama anahitaji kunyolewa. Yaani wangeweza kumtishia kitu chochote, kuvunja mkono, kuchukua hela (ambayo hana), ila wanatishia nywele. Kwanini?

Jibu anakupa mwenyewe sura ya 5. Wako mafichoni kwenye kanisa lililotelekezwa Windrixville, Johnny amenunua vitu vya kula, kitabu, na chupa ya blichi, anamwambia Ponyboy inabidi tukate nywele na zako tuzipaushe, maelezo yetu yatakuwa kwenye gazeti. Ponyboy karibu alie. Anasema hawawezi kuwa na Corvair wala mashati ya madras, ila nywele wanaweza. Kaa na hiyo kidogo. Nywele ndo mali pekee ambayo haihitaji mshahara wa baba. Mtoto wa kishua akinyolewa anabaki na gari, nyumba, jina la ukoo, ila huyu dogo akinyolewa amebaki na nini?

Na angalia nani anamnyoa. Sio Socs. Ni Johnny, rafiki yake, kwa kisu kile kile kilichomuua Bob. Kile ambacho Socs walitishia sura ya 1 kinakuja kutimia sura ya 5 bila wao kuwepo. Hii ni aya nzima ya insha, bure kabisa, na wanafunzi wengi wanairuka kwa sababu wanaona ni sehemu ya kupumzika kabla moto haujawaka.

Kama nywele hazikuvutii fuata kingine kwa njia hiyo hiyo. Machweo ya jua yanafanya kazi vizuri: sura ya 3 Ponyboy na Cherry wanagundua kwamba wote wanaangalia jua likizama, yeye akiwa kwenye ngazi za nyuma za nyumba, Cherry kwenye baraza la kwao. Mapete ya Bob pia. Chagua moja usichague tatu.

Hatua ya 5: mazungumzo ya Cherry na ya Randy, yasome mara mbili

Hizi ndo sehemu mbili ambazo Socs wanafungua mdomo, na ndo sehemu ambazo watu wanakosea kuelewa.

Cherry, mwisho wa sura ya 2, anamwambia Ponyboy kwamba kila mahali kuna ugumu wake. Wasomaji wengi wanaishia hapo, wanaandika "mwandishi anatufundisha kwamba matajiri nao wana shida" na wanafunga. Endelea kusoma jamani. Sura ya 3 Cherry huyo huyo anamwambia Ponyboy kwamba akimuona kwenye korido ya shule na asipomsalimia asichukulie vibaya. Yaani dakika chache nyuma wameongea mambo ya moyoni, na tayari anamuandaa kwamba kesho mbele za watu hamjui. Anampenda kama mtu ila hawezi kulipa gharama ya kuonekana naye. Hapo tabaka limeonekana wazi kuliko kwenye ngumi zote za kitabu.

Alafu Randy sura ya 7. Anamuita Ponyboy ndani ya gari lake, anasema hatakwenda kwenye pambano, kachoka. Anasema hata Greasers wakishinda haitabadilisha kitu, wao watabaki chini pale pale na Socs watabaki na bahati zao zote. Na anaeleza habari za Bob, kwamba wazazi wake hawakuwahi kumwambia hapana hata siku moja, na alichokuwa anakitafuta muda wote ni mtu wa kumwambia hapana.

Sasa linganisha hiyo na Darry. Darry anamwambia Ponyboy hapana kila siku, umechelewa, hukutumia akili, soma. Bob kafa kwa kukosa hapana, Ponyboy analalamika kwa kuzidishiwa. Kitabu hakisemi hivi kwa sauti, kinakuwekea vitu viwili sura tofauti na kukuacha uviunganishe mwenyewe.

Hatua ya 6: usimuamini Ponyboy kila kitu

Ni mkweli, ila ana miaka 14, kafiwa, na ana upande. Kuhusu Darry amekosea nusu nzima ya kitabu. Anatuambia Darry hampendi, ana roho ngumu, macho kama barafu. Ila ukikusanya anachokifanya Darry, sio anachosemwa, unapata mtu mwingine kabisa: alikuwa nyota wa mpira wa miguu wa Kimarekani shuleni, alipata udhamini wa michezo, chuo hakikuwezekana kwa sababu hela haikutosha, sasa anabeba mabunda ya vigae ili wadogo zake wasipelekwe kwenye makao ya watoto. Ponyboy anakuja kushtuka sura ya 6 pale hospitali anapomuona kaka yake analia.

Kuna tukio la sekunde chache sura ya 9 usilipite. Pambano linataka kuanza, Darry anasimama mbele, na Soc anayejitokeza kupigana naye ni Paul Holden, ambaye zamani walikuwa timu moja na washkaji. Wanaangaliana. Mmoja kaenda chuo, mwingine kaenda juu ya mapaa. Kilichowatenganisha sio tabia wala kipaji, ni ada. Ponyboy anahisi Darry anaona aibu kusimama pale kama mwakilishi wao. Kwenye daftari lako hilo ni tukio ambalo hakuna aliyetokwa damu na bado bili ni kubwa.

Pia sura ya 11 Ponyboy anaanza kusema yeye ndo alimuua Bob, na kwamba Johnny hajafa. Hapo mwandishi anakuonesha waziwazi kwamba msimulizi kavurugwa. Ukikutana na swali la "je, msimulizi anaaminika", anzia hapo alafu rudi nyuma kwa Darry.

Hatua ya 7: shairi, moto, na vifo vitatu

Shairi ni la Robert Frost, "Nothing Gold Can Stay", la mwaka 1923, mistari 8 tu. Ponyboy analisema asubuhi moja pale kanisani, wakiangalia ukungu na jua linachomoza. Lisome lote kivyake kwanza. Linasema rangi ya kwanza ya jani ni dhahabu na haidumu. Johnny akifa sura ya 9 anamwambia Ponyboy abaki dhahabu, na sura ya 12 barua yake iliyofichwa ndani ya Gone with the Wind, kile kitabu alichonunua wakiwa mafichoni, inaeleza alimaanisha nini, kwamba kuona uzuri wa machweo ndo dhahabu yenyewe, aendelee hivyo, na amuoneshe Dally. Dally wakati huo ameshakufa. Barua imechelewa. Ukitaka kujua kama umekielewa kitabu angalia kama hiyo sehemu imekugusa au umeipita.

Vifo vitatu vilinganishe kwa pamoja. Bob anakufa kwenye bustani usiku wakati kundi lake linamzamisha Ponyboy kwenye maji ya chemchemi. Johnny anakufa hospitali, mgongo umevunjika baada ya kuokoa watoto kwenye kanisa lililowaka. Dally anaiba duka, anawanyooshea polisi bastola isiyo na risasi, wanamuua chini ya taa ya barabarani, na Ponyboy anasema wazi kwamba Dally alitaka kufa. Waulize wenzako: je, polisi, duka na bastola vilimuua, au alikufa pale hospitali pamoja na Johnny? Kikundi kikiwa kizuri hapo mtabishana saa nzima.

Na Bob ndo sehemu ngumu ya hoja ya bili. Kama umekuja na hoja kwamba Greasers ndo wanalipa kila kitu, Bob anakuharibia, kwa sababu kalipa na uhai. Usimkwepe. Na sura ya 12 hakimu anamuachia Ponyboy abaki na kaka zake, anauliza maswali mepesi ya nyumbani na shule tu. Kwa hiyo sheria nayo haikumkandamiza mpaka mwisho. Insha nzuri inayaweka hayo mezani yenyewe kabla msomaji hajayaleta.

Hatua ya 8: ukimaliza, rudi ukurasa wa kwanza siku hiyo hiyo

Sentensi ya mwisho ya kitabu ni ile ile ya kwanza. Ponyboy anafeli somo la Kiingereza, mwalimu Syme anampa nafasi ya kuandika insha ili apande, anasoma barua ya Johnny, anakaa chini anaanza kuandika, na anachokiandika ndo kitabu ulichokishika. Kwa hiyo kila kitu ulichosoma kimeandikwa na mtu ambaye tayari anajua nani kafa. Rudia sura ya 1 ukiwa na hilo kichwani, hasa pale anapowatambulisha Dally na Johnny. Kurasa zile zile, ila sasa ni mtu anawaelezea marehemu.

Hatua ya 9: muvi, baada ya kitabu tu

Francis Ford Coppola aliiongoza, ikatoka 1983, na wazo lilianzia kwa wanafunzi wa shule moja Fresno, California, waliomuandikia barua kumuomba aitengeneze. Waigizaji ni C. Thomas Howell, Ralph Macchio, Matt Dillon, Patrick Swayze, Rob Lowe, Emilio Estevez, Tom Cruise, Diane Lane, wengi wakiwa bado vijana wadogo wasio na jina kubwa. Tafuta toleo la 2005 linaloitwa The Complete Novel, lina dakika 22 zaidi na linarudisha mambo ya familia ya Curtis ambayo toleo la kwanza lilikata. Cha kufanya ukiangalia: chagua matukio mawili tu, labda kanisani na mahakamani, andika nini kimeachwa. Muvi haiwezi kukupa kichwa cha Ponyboy kikimhukumu Darry kimakosa, na hapo ndo kitabu kinashinda. Kuna na tamthilia ya muziki iliyoshinda tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya muziki 2024, hiyo ni ya kujifurahisha, kwa mtihani haikusaidii.

Hatua ya 10: insha yenyewe

Fungua daftari la bili, angalia ni wapi safu zinajirudia, na hapo ndo hoja yako ilipo. Hoja dhaifu: "Kitabu kinahusu ubaguzi kati ya matajiri na maskini." Hiyo ni mada, hakuna mtu atakayekubishia, na kisichobishika hakistahili insha. Hoja yenye meno: "Hinton anaonesha kwamba pande zote zinaumia, ila ni upande mmoja tu ambao kuumia kwake kunachukuliwa kuwa kawaida." Hiyo mtu anaweza kukubishia, kwa hiyo utalazimika kuithibitisha.

Kila aya iwe na kitu kimoja cha karibu, yaani tukio au kitu cha kushikika, sura yake, na sentensi mbili tatu za kwanini. Mfano wa aya:

"Johnny alipopigwa karibu kufa (sura ya 2) hakuna mtu mzima anayeingilia. Wazazi wake hawajali, polisi hawatajwi, na waliompiga wanaendelea kuendesha Mustang ile ile. Bob alipokufa (sura ya 4), mji mzima unaamka. Tofauti hii haitokani na uzito wa jeraha peke yake, kwa sababu Johnny naye alikuwa karibu kufa. Inatokana na nani ana mtu wa kumlilia kwa sauti. Kisu cha Johnny kinazaliwa kwenye huo ukimya, kwa hiyo kifo cha Bob nacho ni sehemu ya gharama ya kutomsikiliza Johnny."

Umeona aya inamtumia Bob badala ya kumkwepa. Hiyo ndo kazi.

Makosa nayoyaona mara kwa mara: kusimulia hadithi upya kurasa mbili kabla ya kusema chochote, kuandika Hinton ni "he", kusema kundi fulani lilishinda pambano kama vile ndo jibu (Greasers walishinda, soma tena Randy alisema nini kuhusu kushinda), na kumuita Cherry msaliti au malaika. Cherry anawapa Greasers habari kutoka upande wake, na bado sura ya 8 anakataa kwenda kumuona Johnny hospitali kwa sababu alimuua Bob. Muache awe vyote viwili.

Kingine, dondoo. Ziwe fupi, maneno matano sita yanatosha, zibaki kwa Kiingereza cha kitabu alafu ueleze kwa maneno yako. Dondoo ya mistari minne inaonekana kama unajaza karatasi, na mara nyingi ni kweli unajaza.

Kama ni kikundi, mtu mmoja asimamie upande mmoja. Nusu wajaze daftari kwa macho ya Greasers, nusu wajaribu kulijaza kwa macho ya Socs, wakitumia tu vile vipande vichache Ponyboy alivyosikia. Hao wa pili watalalamika kwamba hamna vitu vya kujaza, waambie waandike hilo lalamiko lenyewe, ndo jibu la kile nilichokwambia ukiandike pembeni kwenye hatua ya 2. Na baada ya hapo ukitaka kuendelea na Hinton chukua That Was Then, This Is Now ya 1971, Ponyboy anapita mle ndani kidogo, safari hii anaonekana kwa macho ya mtu mwingine ambaye wala hampendi sana.